Shemeji anasema kompyuta ya Hilux imekufa. Nimalizie kumlipa?

BARUA

Shikamoo fundi.

Mimi ni mama wa mboga, niko Lushoto. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2008, injini ya 2KD. Ndiyo inayonishushia karoti na kabichi mpaka Mombo, na siku nyingine mpaka Tanga mjini. Anayeendesha ni mpwa wangu. Anayetengeneza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwenye gereji yake barabarani. Tangu tulinunue gari hili hajaruhusu mkono wa mtu mwingine uliguse.

Wiki tatu zilizopita lilizimika kwenye kona za Soni, likiwa na magunia kumi na manane ya karoti. Halikukohoa wala kutoa moshi, lilizimika tu kama taa. Mpwa wangu akipiga stata, stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Tukalivuta mpaka gereji. Karoti nikazihamishia kwenye Fuso ya watu kwa nauli iliyokula faida yote, ikaonja na mtaji.

Shemeji alikagua dizeli, akabadilisha filta, akalegeza mabomba ya nozeli kuona kama mafuta yanafika. Siku ya tatu akaita kijana mwenye mashine ya kupimia. Mashine ikachomekwa, ikagoma kuongea na injini. Yule kijana akasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa. Shemeji akasema hata yeye ndivyo alivyokuwa akihisi. Akaazima boksi ya Hilux ya jirani inayofanana na yetu, akaifunga. Yale yale: stata inazunguka, injini haiwaki. Wakasema ile haipatani na gari letu, lazima ipatikane yenye namba zake.

Cha ajabu, siku moja alipokuwa anachomoa na kuchomeka soketi nyuma ya droo ya dashibodi, gari liliwaka. Likanguruma kama dakika ishirini, mpwa akalitoa nje. Lilipopanda tuta la pale barabarani likazimika tena, na mpaka leo halijawaka.

Sasa shemeji amepata mtu wa spea Dar anayeuza boksi ya mtumba, "ya Japani kabisa", kwa shilingi 1,200,000. Nimetanguliza 400,000. Anataka iliyobaki kabla ya Jumamosi. Nilimuuliza, je, tukiifunga na gari lisiwake? Akanyamaza, halafu akaniambia, "Shemeji, wewe jua kabichi, mimi nijue gari." Mbele ya vijana wake.

Mume wangu yuko kazini Mtwara. Nikimpigia anasema muachie mdogo wangu. Sitaki kugombana na ndugu wa mume. Watoto wangu wakitoka shule wanashinda kwake. Lakini hiyo 800,000 ndiyo mtaji wangu wa msimu.

Kuna vitu viwili sijui kama vinahusika. Mwezi mmoja kabla ya hapo tulichomelea ngao mpya ya mbele. Na mpwa anasema siku hizi ukifungua swichi, taa za dashibodi zinawaka zote, ya betri, ya oili, isipokuwa ile yenye umbo la injini.

Nimpe pesa?

Mama wa Karoti, Lushoto

JIBU

Marahaba dada yangu, na pole kwa karoti.

Usimpe kwanza. Sisemi shemeji yako anakuibia. Barua yako hainionyeshi mwizi hata mmoja. Nasema usimpe kwa sababu mpaka leo hakuna mtu aliyepima hiyo boksi. Kilichotokea ni kwamba mashine ilipiga hodi na hakuna aliyeitikia. Ukimpigia mtu simu asipatikane, huendi kununua sanda. Unajiuliza kama simu yake ina chaji.

Umeniachia jambo kubwa mwishoni kabisa mwa barua, kama mgonjwa anayemwambia daktari ugonjwa wenyewe akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Ni hiyo taa yenye umbo la injini. Ukifungua swichi kabla ya kupiga stata, taa hiyo lazima iwake, halafu izime injini ikishashika. Anayeiwasha ni boksi yenyewe, ndiyo salamu yake ya kuamka. Isipowaka, na mashine nayo ikagoma kuongea, basi boksi haijaamka. Na boksi isiyoamka huenda imekufa kweli, huenda haipati umeme, huenda haina njia ya kurudishia umeme yaani ethi, au huenda imekabwa koo. Mambo manne hayo, na shemeji yako amerukia lile la bei kubwa.

Nieleze hilo la kukabwa koo, maana ndilo limewala mafundi wengi, mimi nikiwemo. Boksi ya Vigo inapokea umeme wa betri, volti 12 na ushee. Ndani yake inaupunguza mpaka volti 5 na kuugawia sensa, yaani vifaa vinavyoipimia boksi mambo ya injini (si ile ya kuhesabu watu): sensa ya presha ya reli ya dizeli (bomba linalogawia nozeli mafuta), ya presha ya turbo, ya pedali ya mafuta, na ya EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini) kama gari inayo. Hizi ni kama watoto wanaokula sinia moja. Sensa moja ikifa vibaya, au waya wake mmoja ukichubuka na kugusa chuma, zile volti 5 zinamwagika zote. Toyota za namna hii hapo boksi nayo hulala kabisa. Taa ya injini haiwaki, mashine haipati jibu, stata inazunguka na injini haishiki. Ndiyo barua yako hiyo, neno kwa neno, na boksi inaweza kuwa nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Nilijifunza hili kwa fedheha. Miaka kadhaa iliyopita mteja aliniletea gari lenye dalili kama zako, nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "boksi." Akanunua. Nikafunga, kimya. Nililala gereji siku mbili nikifuata waya mmoja baada ya mwingine, na usiku wa pili, tochi mdomoni, nikauona: waya wa sensa ya reli umepita juu ya kishikio cha bomba, mtikisiko umeusugua miaka na miaka, na shaba imechungulia nje kwa ukubwa wa punje ya mchele. Punje moja. Nikauzungushia tepu, nikafungua swichi, taa ya injini ikanikodolea macho. Boksi ya zamani nikairudisha, gari likawaka. Ile mpya muuzaji alikataa kuirudisha, kwa hiyo nilimlipa mteja kidogo kidogo kwa miezi mitano. Tangu hapo sitamki neno boksi kabla sijashika balbu mkononi.

Sasa turudi kwenye boksi ya jirani, kwa sababu hapo ndipo shemeji yako alikuwa na jibu mkononi akalitupa. Ni kweli boksi ya gari jingine inaweza kukataa kuwasha gari lako. Kama funguo zako zina chipu ya kuzuia wizi, boksi ngeni haitazitambua na injini haitashika. Lakini boksi ngeni iliyo nzima, hata ikiukataa ufunguo, itaamka! Itawasha taa yake na itaongea na mashine, hata kama ni kulalamika tu kwamba haikujui. Basi muulize shemeji swali moja: ile ya jirani ilipofungwa, taa ya injini iliwaka? Kama haikuwaka, boksi mbili zimelala ndani ya gari moja, na boksi mbili hazifi kwa ahadi. Tatizo liko nje yake. Na upite kwa jirani umsalimie, umuulize kama gari lake linawaka tangu aliporudishiwa boksi yake. Likiwa linawaka, umepata shahidi. Likiwa haliwaki, Mungu apishie mbali, una deni la pili, na ndiyo sababu sipendi boksi za kuazima. Kama kuna waya umegusana mahali pabaya, mgeni anaweza kuungua kama mwenyeji.

Na zile dakika ishirini. Fundi anatikisa soketi, gari linawaka; gari linapanda tuta, linazimika. Ndani ya boksi kunaweza kuwa na risasi ya kulehemu iliyopasuka ikashika na kuachia, sikatai. Lakini kitu kinachoitikia mkono na tuta, mara nyingi ni waya, pini iliyolegea, au ethi yenye kutu.

Ethi ndiyo inayonirudisha kwenye ngao yako. Mashine ya kuchomelea inapeleka umeme mwingi sana, na umeme huo lazima urudi. Mchomeleaji akibana kibanio chake cha ethi mbali na anapochomelea, umeme unatafuta njia popote, na njia iliyo karibu inaweza kuwa waya mwembamba unaounganisha injini na bodi. Unapashwa moto mpaka unabaki nyuzi mbili tatu. Siku ya kwanza gari linawaka kama kawaida. Baada ya mwezi, mvua mbili na kona za Soni, nyuzi zile zinaachia. Kama betri haikuchomolewa wakati wa kuchomelea, na mara nyingi haichomolewi, hata boksi yenyewe inaweza kuwa imeumia. Kwa hiyo shemeji yako anaweza akawa sahihi. Nataka tu awe sahihi kwa kipimo.

Kinachotakiwa ni fundi umeme wa magari, tena aje na mita, balbu ya indiketa ya wati 21 iliyoungwa waya mbili, na mchoro wa pini wa 2KD ya Hilux. Mchoro, si kumbukumbu. Mita peke yake inadanganya, kwa sababu inaonja umeme kidogo sana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja utakuonyesha volti 12 safi kabisa, lakini ukiutwisha mzigo wa balbu unazirai. Ni kama mzee anayesimama vizuri mpaka umpe ndoo.

Aanze na betri. Ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6, na stata ikizunguka isishuke chini ya 10 hivi. Betri iliyochoka inazungusha stata huku boksi ikizimia kwa njaa, na wiki tatu za kupiga stata bila gari kutembea zinachosha betri yoyote. Kisha fyuzi na rilei kuu ya injini (swichi inayoamshwa kwa umeme). Kuzitazama haitoshi, azichomoe aone kama miguu yake imeungua.

Halafu soketi ya boksi, nyuma ya droo, upande wa abiria. Kabla ya kuchomoa soketi, ncha hasi ya betri itolewe, kila mara, na irudishwe kwa kupimia tu. Waya wa betri wa moja kwa moja na waya wa swichi avipime kwa balbu, upande mmoja kwenye pini, upande mwingine kwenye bodi. Balbu iwake kwa nguvu, isiwe na usingizi. Kisha ageuze: upande mmoja wa balbu kwenye ncha chanya ya betri, mwingine kwenye pini za ethi za boksi, moja moja. Toyota hupenda kutumia nyeupe yenye mstari mweusi na kahawia kwa ethi, ila rangi ni ya kumsaidia tu, mchoro ndio wa kuamini. Balbu ikiwaka kinyonge kama mshumaa hapo, ethi ndiyo mgonjwa, mmemaliza kazi, na 800,000 yako inabaki mfukoni. Nionye hapa: balbu hiyo isiguse pini ya sensa hata kwa bahati mbaya. Itaua kile mlichokuja kukiokoa.

Kuna mtego mmoja ambao nimeona vijana wakiuingia. Umeme mkubwa wa boksi unapitia rilei kuu, na rilei hiyo inaamshwa na boksi yenyewe. Kwa hiyo ukichomoa boksi ukapima ile pini ya rilei, utakuta hamna kitu, utaruka kwa furaha kwamba umegundua ugonjwa. Hujagundua. Pini hiyo inapimwa soketi ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza ncha ya mita nyuma yake taratibu.

Umeme ukiwa mzima na ethi nzima, ndipo waende kwa mkabaji koo. Hii hata mpwa wako ataiweza kusaidia. Yeye akae ndani, swichi wazi, macho kwenye dashibodi. Fundi achomoe soketi za zile sensa moja moja: ya reli, ya turbo, ya pedali, ya EGR. Kila akichomoa, aulize, "Imewaka?" Siku taa ya injini itakapojitokeza, sensa iliyochomolewa mwisho, au waya wake, ndiye mwenye kesi. Wakizichomoa zote na bado giza, afuate waya wenyewe. Hapo atazame kwa makini pale ngao ilipochomelewa, atazame palipofungwa redio, alamu au kitu chochote cha nyongeza kilichodonolea nyaya za nyuma ya droo, na atafute meno ya panya. Gari linalobeba karoti lina wageni wa usiku, usinibishie.

Halafu mwambie shemeji, kwa heshima, aache kulegeza mabomba ya nozeli huku stata inazunguka. Kwenye Hilux za zamani, zile za injini ya 3L, ilikuwa ndiyo njia na hata mimi nililelewa hivyo. Gari lile halikuwa na kompyuta ya injini. Ukipata umeme wa kufungulia dizeli pampuni, ukalisukuma kwenye mteremko, linawaka. Fundi aliyeivia kwenye 3L ni fundi kweli, simdharau. Lakini reli ya 2KD inafikisha presha ya kama 1,600 bar injini ikifanya kazi kwa nguvu. Dizeli yenye presha ya namna hiyo inatoboa ngozi na kuingia ndani ya mkono, na tundu lake ni dogo hata hulioni. Mtu anaweza kupoteza vidole kwa kufikiri amechomwa na sindano.

Tuseme sasa wamepima yote hayo na boksi ndiyo imekufa. Inatokea. Maji ya kioo cha mbele kinachovuja yanaweza kuingia nyuma ya ile droo. Betri ikiungwa kinyume wakati wa kulishtua gari, boksi inaondoka. Wakiifungua wakakuta kutu ya kijani au harufu ya kuungua, basi tena. Hata hivyo hujafika kwenye kulipa. Kwanza wajue kilichoiua, la sivyo hata mpya itamfuata marehemu.

Pili, hiyo "ya Japani kabisa" imenitoa kicheko. Dada, Hilux Vigo haikuuzwa Japani. Toyota iliacha kuuza Hilux kule mwaka 2004, ikairudisha 2017, na enzi zote za Vigo ziko katikati hapo. Vigo nyingi zilitengenezwa Thailand, nyingine Afrika Kusini. Kwa hiyo boksi iliyotoka ndani ya gari la Japani inaweza kuwa ya Hiace yenye injini ya ukoo huo huo, sura zinafanana lakini data za ndani ni za gari jingine. Au muuzaji anasema Japani kwa mazoea, kama wengi wanavyosema wakimaanisha kwamba si feki. Vyovyote, dawa yake ni lebo. Boksi yako ina lebo yenye namba inayoanzia 89661, kisha kistari, kisha herufi na tarakimu, jumla tano. Za familia ya Hilux sehemu hiyo ya pili huanzia 0K. Mpwa apige picha lebo ya zamani, muuzaji atume picha ya lebo ya kwake, na zifanane mpaka tarakimu ya mwisho. "Hii inaingiliana nayo" si namba.

Na hata zikifanana, boksi ya mtumba inakuja na kumbukumbu za gari lililovunjwa. Kila nozeli ya gari lako ina kodi yake, mlolongo wa herufi na tarakimu 30, inayoiambia boksi nozeli hii inamwaga kiasi gani. Boksi ikibaki na kodi za watu, gari litagonga, litatoa moshi, litakunywa dizeli, na utarudi kuambiwa sasa nozeli zimekufa. Wakifunga boksi isiyo na kodi zozote, mashine itasoma namba ya kosa P1601. Kodi hizo ziingizwe, pampu ya dizeli ianzishwe upya kwa mashine, na kama funguo zina chipu, zisajiliwe upya. Njia rahisi, kama data za boksi ya zamani zinasomeka, ni kuzinakili zote na kuziweka kwenye ile iliyonunuliwa. Kazi hiyo ina watu wake. Muulize yule kijana wa mashine kama anaweza kuingiza kodi za nozeli. Akikuuliza "kodi gani?", mshukuru, mtafute mwingine.

Tuje kwa shemeji, maana najua hapa ndipo usingizi umekupotea.

Usimjibu pale aliposemea. Alikusema mbele ya vijana, na wewe ukimsahihisha mbele ya vijana hamtapona. Nenda jioni gereji ikishafungwa, au mwite nyumbani ale, umweleze akiwa ameshiba. Mwambie hivi: "Shemeji, pesa iliyobaki ninayo. Ila nimemwandikia mzee mmoja fundi umeme, ameomba vipimwe vitu vitatu kabla ya kulipa. Vikipimwa na ikaonekana ni boksi, nakutolea siku hiyo hiyo." Vitatu ni umeme, ethi, na volti 5. Usitaje makosa yake. Usitaje hata hili la Japani, liache litoke lenyewe kwenye lebo. Na fundi umeme achaguliwe na yeye, aje gereji kwake, afanye kazi chini yake. Ikigundulika ni waya, itakuwa imegundulika gereji ya shemeji, na wewe hutapungukiwa na kitu. Uwezo wake kwenye breki na giaboksi haujaguswa. Mkate wa makanika na mkate wa fundi umeme ni miwili, na yeye analijua hilo kuliko anavyokubali.

Mumeo mpigie mkiwa wote wawili, simu iwekwe spika, umweleze mpango huo mdogo wake akisikia. Kwa namna hiyo "muachie mdogo wangu" itakuwa imetimia, na wewe hujakaa kimya.

Hiyo 400,000, mwombe shemeji amuulize muuzaji kwa ujumbe wa maandishi, si kwa maneno: mzigo usitumwe kwanza, na kama boksi haitahitajika, pesa inarudi au inabaki kuwa ya spea nyingine. Wauza spea za umeme wengi hawapokei kilichoshafungwa, kwa hiyo neno hilo lipatikane sasa, boksi ikiwa bado Dar. Ikibidi kununua, akubali pia kwa maandishi kwamba isipowasha gari itarudi, na ipigwe alama ya rangi mbele yenu, ili kila mtu ajue anapokea iliyo yake.

Boksi ya zamani usikubali ibaki gereji wala ichukuliwe "kama chenji", hata wakithibitisha imekufa. Kodi za nozeli zako na siri za funguo zako zimo humo, na aliye na ujuzi wa kuzisoma anaweza kuzihitaji siku ya kufunga nyingine. Ifute vumbi, ipige picha lebo, itie kwenye mfuko mkavu, uiweke kabatini pamoja na kadi ya gari.